Dawa za kiungulia za madukani Dodoma: tumbo zinatuliza, moyo haziupimi

Ingia duka lolote la dawa hapa Dodoma, liwe la Majengo, Makole au kule Nzuguni, useme tu: "Naomba dawa ya gesi, imenibana kifuani." Utawekewa mezani paketi ya Eno, vidonge vya magnesiamu vya kutafuna na chupa ya dawa nyeupe ya maji. Ukisema ni tatizo la siku nyingi, utaongezewa omeprazoli. Ni dawa zinazofanya kazi, na tumezipitia hapa moja moja: kilichomo, muda zinaochukua, na nani azikwepe. Lakini watu wamezipa pia kazi ya pili ambayo haikuandikwa kwenye pakiti yoyote, yaani kuamua kama maumivu ni ya tumbo au ya moyo. "Nimekunywa Eno, nikacheua, nikapata nafuu, basi si moyo." Kwa kazi hiyo ya pili zote zimefeli, na kuzitegemea kunaua watu.

Kuchanganya huku si ujinga wa mgonjwa. Kiswahili chenyewe kinapaita pale mbavu zinapokutana juu ya tumbo "chembe cha moyo", na anayetaka kutapika husema moyo unamchafuka. Mwili nao umejengwa hivyo hivyo. Umio, ile njia ya chakula, unashuka nyuma ya moyo ukiwa umegusana nao kabisa, na neva zinazopeleka maumivu ya viungo hivi viwili zinaingia kwenye uti wa mgongo sehemu zilezile. Ubongo unapata habari kwamba katikati ya kifua kuna tatizo. Limetoka wapi hasa, hauna uhakika. Tena upande wa chini wa moyo umelalia kile kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Mshipa unaolisha upande huo ukiziba, mgonjwa anaweza kuja na kichefuchefu, kutapika, hata kwikwi, na maumivu ya chembe tu bila kugusa kifua. Huyo ndiye anayeishia kwenye duka la dawa wakati alitakiwa awe hospitali.

Mkono wa mgonjwa unasema nini

Mtu wa kiungulia huchora njia. Anaweka vidole kwenye chembe, anavipandisha hadi kooni, anasema "panawaka", na mara nyingi anataja maji machungu au machachu yanayopanda mdomoni. Ukimuuliza alikula nini na saa ngapi, jibu analo: nyama choma ya Msalato na pilipili, glasi mbili za divai ya zabibu, au ugali wa kushiba saa nne usiku kisha moja kwa moja kitandani. Akiinama kufunga kamba za viatu, moto unapanda. Akikaa wima unashuka. Sababu ni ule mlango wa misuli uliopo mwisho wa umio: ukilegea, au tumbo likijaa kupita kiasi, tindikali inarudi juu, na kulala chali kunaifungulia njia.

Mtu wa moyo mara nyingi hachori njia yoyote. Anaweka ngumi au kiganja chote katikati ya kifua na kukiacha hapohapo. Maneno yake ni kubanwa, kukandamizwa, kuelemewa, kama aliyelaliwa na gunia la mahindi. Wengine wanakataa kabisa kuita maumivu: "Hakiumi, kinabana." Sentensi hiyo inapaswa kumshtua mtoa dawa kuliko kilio cha maumivu. Kubanwa huko kunaweza kwenda mkono wa kushoto, mikono yote miwili, shingoni, kwenye taya au mgongoni, pamoja na jasho la baridi na pumzi kukata. Kama kunakuja ukipanda ngazi, ukibeba ndoo au ukisukuma baiskeli mlimani, kisha kunaachia ndani ya dakika chache ukipumzika, hiyo ni ishara ya mshipa wa moyo uliosinyaa. Kwa kawaida tumbo halijali kama unapanda ngazi au umeketi. Kukizidi dakika 15 hata umekaa, chukulia misuli ya moyo imeanza kufa mpaka vipimo viseme vingine.

Anayeonyesha kwa ncha ya kidole mahali pamoja, na ukipabonyeza anaruka, mara nyingi ana tatizo la mbavu au misuli. Anaweza pia kuwa na mkanda wa jeshi, ambao huchoma siku kadhaa kabla ya malengelenge kutokea.

Hizi zote ni dalili za kuelekeza tu. Mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi, ambaye neva zake zimechakaa, anaweza kupata shambulio la moyo na asihisi kubanwa kokote. Ataona uchovu wa ghafla, jasho na pumzi fupi. Wazee ni hivyo hivyo. Wanawake nao, ingawa wengi hubanwa kifua kama wanaume, mara nyingi zaidi huja na kichefuchefu, uchovu na maumivu ya mgongo au taya, na ndiyo maana wanarudishwa nyumbani na dawa za vidonda vya tumbo mara nyingi kuliko inavyostahili. Na ipo mioyo inayowaka moto kama kiungulia halisi.

Dawa zenyewe

Tuanze na Eno, kwa sababu ndiyo inayokimbiliwa kwanza. Paketi ya gramu 5 ina bikaboneti ya sodiamu, asidi ya sitriki na kaboneti ya sodiamu. Ukiitia kwenye maji inatoa mapovu ya kaboni dayoksaidi, na kilichobaki kinapunguza ukali wa tindikali tumboni. Nafuu inakuja ndani ya dakika chache, lakini tumbo likiwa tupu haidumu hata saa moja. Kwa kiungulia cha mara mojamoja baada ya karamu, ni dawa nzuri.

Shida yake ni chumvi. Paketi moja ya gramu 5 ina takriban miligramu 850 za sodiamu, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe miligramu 2,000 kwa siku nzima, chakula kikiwemo. Paketi mbili zinakaribia kumaliza kiwango hicho kabla hujagusa mboga. Mama mwenye presha aliyeambiwa apunguze chumvi anaweza kuacha kuitia kwenye mchuzi, kisha akainywa kwenye glasi kila jioni bila kujua. Magadi ni ndugu yake wa karibu: ni chumvichumvi ya sodiamu vilevile. Anayepika mlenda kwa magadi na kuramba magadi kutuliza gesi anajiongezea sodiamu mara mbili. Kwa mwenye presha, moyo uliochoka au figo mbovu, Eno na magadi tunavikataa.

Vidonge vya magnesiamu, vile vyeupe vinavyohesabiwa kwenye bahasha ndogo, kwa kawaida vina magnesiamu trisiliketi miligramu 250 pamoja na haidroksaidi ya aluminiamu miligramu 120. Kosa kubwa la watumiaji ni kuvimeza vizima kwa maji. Vinatakiwa vitafunwe mpaka visagike, kwa sababu vinafanya kazi pale tu chembe zake zinapokutana na tindikali. Wakati mzuri ni saa moja hivi baada ya kula, na kabla ya kulala. Hapo vinaweza kukusitiri kwa muda wa hadi saa tatu, tofauti na ukivila tumbo tupu. Magnesiamu inaharisha, aluminiamu inafunga choo, na kuziweka pamoja kunasaidia kusawazisha. Mwenye figo zilizoshindwa asiviguse bila daktari.

Kuna jambo ambalo halisemwi kaunta na lingepaswa kusemwa kila mara: vidonge hivi vinazinasa dawa nyingine tumboni zisiingie kwenye damu. Antibiotiki kama siprofloksasini na doksisaiklini, na vidonge vya madini ya chuma, vinapoteza nguvu vikimezwa pamoja navyo. Anayetumia ARV zenye dolutegraviri azimeze saa 2 kabla ya magnesiamu, au angalau saa 6 baada yake. Kwa kuwa wengi hawapendi kutaja ARV mbele ya foleni, mtoa dawa mzuri hasubiri kuambiwa. Anasema kwa kila mtu, kwa sauti ya kawaida: "Kama una dawa nyingine unayotumia kila siku, usiimeze pamoja na hii."

Chupa za dawa nyeupe zinafanana kwa nje, lakini ndani hazifanani. Nyingi ni aluminiamu na magnesiamu ileile katika maji, pengine na dawa ya kuvunja gesi. Baadhi, kama Gaviscon, zina alginate, inayotokana na mwani wa baharini. Ikikutana na tindikali inafanya utando mzito unaoelea juu ya chakula na kuziba njia ya kurudi kwenye umio. Kwa anayesumbuliwa na maji machachu yanayopanda usiku, na kwa wajawazito, hii ndiyo tunayoipa alama ya juu kuliko zote za kaunta. Soma lebo utafute neno alginate. Lisipokuwepo, usilipe bei ya utando ambao haupo. Tikisa chupa vizuri, kunywa mililita 10 hadi 20 baada ya mlo na kabla ya kulala, na usiishushie na glasi ya maji.

Omeprazoli ya miligramu 20 ni dawa ya aina tofauti kabisa. Haiui tindikali iliyopo. Inafunga mitambo inayoitengeneza, na mitambo hiyo huwaka unapokula. Ndiyo maana inamezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa. Anayeimeza baada ya chapati na chai, au usiku kifua kinapowaka kama vile ni panado, ataimaliza pakiti nzima na kusema haifai. Nguvu yake kamili inachukua siku moja hadi nne kufika. Ukiitumia wiki nyingi kisha ukaacha ghafla, tindikali inaweza kurudi kwa fujo kwa muda, na watu wengi huchukulia hilo kama dalili kwamba ugonjwa haujapona. Bila daktari, isizidi siku 14. Aliyewekewa waya wa kupanua mshipa wa moyo na anatumia klopidogreli asijinunulie omeprazoli: inapunguza nguvu ya dawa yake ya kuzuia damu kuganda. Amuulize daktari wake kuhusu pantoprazoli, dawa ya jamii hiyohiyo ya omeprazoli.

Chakula kikikwama ukimeza, ukikonda bila sababu, ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami, achana na rafu nzima ukafanyiwe kipimo cha kamera ya tumbo. Saratani ya umio si ngeni Afrika Mashariki.

Kwa nini nafuu haithibitishi kitu

Fikiria baba wa miaka 58 anayepanda ngazi za ofisi Mtumba. Kifua kinambana. Anasimama, anatafuta kiti, anaagiza maji, anachana paketi, anasubiri mapovu yatulie, anakunywa. Dakika tano zimepita. Maumivu ya mshipa wa moyo uliosinyaa huachia yenyewe ndani ya dakika 2 hadi 10 mtu akipumzika. Kilichomponya ni kiti, lakini sifa inakwenda kwa Eno. Kesho atapanda ngazi zilezile akiwa na paketi mbili mfukoni.

Madaktari nao waliwahi kuutumia mtego huu. Kwa miaka mingi hospitali zilimpa mgonjwa wa kifua mchanganyiko wa dawa ya tindikali na dawa ya ganzi, akipata nafuu wanasema ni tumbo. Ilionekana kwamba wenye shambulio la moyo nao walipata nafuu, na njia hiyo haiaminiki tena kama kipimo. Upande wa pili ni vivyo hivyo: kidonge cha moyo kinachowekwa chini ya ulimi hulegeza pia misuli ya umio, kwa hiyo nafuu yake haithibitishi moyo. Tena mtu anaweza kuwa na magonjwa yote mawili. Unene, sigara na umri vinaalika yote.

Mashine za "kipimo cha mwili mzima", zile unazoshikishwa chuma mkononi na kompyuta ikatoa kurasa za majibu kuanzia moyo hadi kongosho, hazipimi moyo wala tumbo. Saa za mkononi zinazochora mstari wa moyo zina faida kwa mapigo yasiyo na mpangilio, lakini hazigundui shambulio la moyo. Na presha kuwa ya kawaida pale dukani hakumaanishi uko salama.

Huduma inayojibu swali: ECG

Kipimo kinachostahili fedha yako ni ECG, kile cha umeme wa moyo. Hapa mjini kinapatikana Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo wenyeji wanaiita General, na Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), ambayo pia ina mtambo wa kuchunguza na kuzibua mishipa ya moyo. Kwa mwenye maumivu ya kifua, kinatakiwa kifanyike ndani ya dakika 10 tangu afike. Hakiumi, hakichomi, hakina mionzi.

Unalala chali, kifua wazi, unabandikwa vibandiko 10: vinne mikononi na miguuni, sita kifuani. Vya kifuani vina mahali pake hasa. Cha kwanza na cha pili vinakaa kwenye nafasi ya nne kati ya mbavu, kulia na kushoto kwa mfupa wa katikati. Cha nne kinakaa nafasi ya tano, mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga, na cha tatu kati yake na cha pili. Cha tano na cha sita vinafuata usawa wa cha nne kuelekea kwapani. Fundi asiyehesabu mbavu kwa vidole huviweka vile viwili vya kwanza juu mno, na mchoro unaweza kuonyesha ugonjwa usiokuwepo. Akibadilisha nyaya za mkono wa kulia na wa kushoto, mstari wa kwanza unapinduka juu chini. Mafuta ya ngozi, jasho na mgonjwa anayetetemeka kwa baridi hutoa mistari yenye manyoya isiyosomeka. Una haki ya kuomba kirudiwe.

Udhaifu wake mkubwa ni huu: ECG ya kwanza inaweza kuwa safi kabisa na shambulio likawa linaendelea. Kama bado kifua kinabana, irudiwe baada ya dakika 15 hadi 30, na damu ipimwe troponini, protini inayovuja misuli ya moyo inapoumia. Kwa vipimo vya kawaida troponini huanza kuonekana baada ya saa 3 hadi 6, kwa hiyo aliyepimwa nusu saa tu tangu maumivu yaanze akaambiwa hana kitu, hajamaliza kupimwa. Anahitaji kipimo cha pili. Huduma nzuri ni ile inayokwambia ubaki usubiri, hata kama benchi ni gumu.

Ukiwa njiani kwenda hospitali, dawa moja tu ya dukani ina nafasi: aspirini miligramu 300, yaani vidonge vinne vya 75, itafunwe, isimezwe nzima. Asipewe mwenye mzio nayo, anayetapika damu au kupata choo cheusi, mwenye dalili za kiharusi, wala aliyepata ghafla maumivu ya kuchanika yanayopenya hadi mgongoni. Diklofenaki isiguswe kabisa: inachubua tumbo na inauongezea moyo hatari. Mgonjwa asiendeshe gari mwenyewe wala kukaa nyuma ya bodaboda. Chukua teksi au bajaji na mtu wa kumshika. Aliyeko Kongwa, Mpwapwa au Chemba aende hospitali iliyo karibu yenye ECG, asikimbilie mjini moja kwa moja, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina maana ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze, na kila saa inayopotea inaondoka na kipande cha moyo.

Ukifika mapokezi usiseme "nina gesi", maana utapangwa foleni ya gesi. Sema: "Kifua kinanibana, kimeanza saa fulani, naomba ECG." Hiyo saa iandike popote, hata nyuma ya paketi ya Eno uliyokunywa, na paketi yenyewe uende nayo.